Puto la Treloar: Vipimo vya mpira vilivyotimiza miaka 80 kimyakimya

Mwaka 2024 ilitimia miaka 80 tangu L.R.G. Treloar, mwanafizikia Mwingereza, achapishe vipimo vya mpira uliovutwa kwa namna mbalimbali. Sikusikia shamrashamra yoyote. Ni dhuluma, kwa sababu mhandisi anayetaka kompyuta imwonyeshe bushi ya gari itakavyobonyea anadaiwa na mtu huyo.

Kabla yake, mwaka 1805, John Gough, Mwingereza asiyeona, aligusisha utepe wa mpira kwenye midomo, akauvuta ghafla na kuhisi umepata joto. Mwaka 1839 Charles Goodyear akaupika kwa salfa, ukaacha kunata. Baadaye wataalamu walitambua kwamba mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunjakunja, ndiyo maana hurudi ukiachiwa.

Treloar alitaka kujua nadharia hiyo ya minyororo inafika wapi. Alikuwa katika taasisi ya utafiti ya wazalishaji wa mpira iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1938. Vita vilikuwa vimepamba moto, na Malaya, shamba kuu la mpira, ilikuwa mikononi mwa Wajapani tangu 1942.

Alichukua mpira wenye salfa asilimia 8. Utepe wake aliuvuta hadi ukapita mara 7 ya urefu wa mwanzo. Kisha akabana ukingo wa bapa la duara, akalijaza hewa likatuna kama puto, akapima alama za katikati zilivyoachana. Hapo mpira huvutika pande zote kwa pamoja. Akavuta tena bapa pana lakini fupi, ambalo upana wake haupungui. Mpira ule ule ukatoa mistari mitatu ya grafu isiyofanana. Nadharia, iliyotegemea namba moja tu, ilikwenda nayo vizuri mwanzoni, lakini minyororo ilipokaribia kunyooka mpira ulikaza ghafla na kuiacha nyuma.

Hapo ndipo penye ubishi. Melvin Mooney wa Marekani alikuwa ametoa fomula ya mpira yenye namba mbili badala ya moja mwaka 1940, na Ronald Rivlin, aliyejiunga na taasisi hiyo mwaka 1944, akaipanua kihisabati. Utepe ulipovutwa, fomula iliufuata kwa uzuri wa kushawishi. Treloar hakushawishika: namba ya pili ilikuwa kubwa mpira ukivutwa, ikakaribia sifuri ukibanwa. Rivlin mwenyewe, akiwa na D.W. Saunders, alichapisha mwaka 1951 vipimo vilivyoonyesha kwamba namba hiyo haitulii.

Kwangu mimi, Treloar alikuwa sahihi. Gaskiti haivutwi, hubanwa. Lakini hadi leo wapo wanaovuta utepe mmoja, mara moja tu, wakaingiza namba kwenye programu ya kompyuta na kuziamini picha za rangi inazotoa. Tena mvuto wa kwanza wenyewe hudanganya: ukivutwa mara ya pili mpira huwa umelegea, tabia inayobeba jina la Leonard Mullins.

Vipimo vya Treloar, hata hivyo, viliendelea kutumika. Ray Ogden alipotoa fomula yake ya mpira mwaka 1972, aliipima kwa namba za Treloar. Ellen Arruda na Mary Boyce wakafanya hivyo mwaka 1993. Mwaka 2006 Marckmann na Verron wa Ufaransa walishindanisha modeli 20 za mpira, na miongoni mwa vipimo vya kuzihukumu vilikuwemo vile vya puto la 1944.