Bodi za afya katika miji midogo: Kiboko na Ukambani

Nchini Kenya, bodi ya afya ya mji mdogo si chombo kimoja. Sheria ya Afya ya Umma ya 1921 iliziachia serikali za mitaa usafi na magonjwa ya kuambukiza. Mwaka 1992 zikaundwa bodi za wilaya. Tangu 2013 kaunti ndizo zinazosimamia zahanati, taka na leseni za wauza vyakula. Kiboko, kituo cha barabara ya Mombasa karibu na Makindu, katika Kaunti ya Makueni, hakina manispaa yake, kwani tangu marekebisho ya 2019 sheria hudai watu wasiopungua 50,000. Mahali kama hapo hutegemea kamati ya zahanati, wahamasishaji wa afya ya jamii, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Kati ya hao, afisa ndiye wa kuajiriwa kwanza.

Ushahidi ni wa mwaka 2004, sumukuvu ilipowapata watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu, kisha yakauzwa madukani, hivyo hata aliyekausha yake vizuri hakusalimika akinunua. Wala halikuwa jambo geni: mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa. Sumu hiyo haijulikani kwa macho. Ni lazima mtu achome gunia kwa bambo, akinge punje, azipeleke maabara, na awe na mamlaka ya kuzuia mzigo majibu yakiwa mabaya. Kamati haina mamlaka hayo.

Wapo watakaosema afisa asiye na wananchi nyuma yake ni askari tu. Ni kweli, na kamati za Makueni zimezoea kufuatilia miradi tangu vijijini; sheria ya 2023 inayoviachia vituo mapato yao imeziongezea cha kulinda. Lakini mwenye duka la nafaka huenda ni mwanakamati, au shemeji yake mwanakamati, na kumtaka jirani amfungie jirani biashara ni kumtwika asichokiweza. Hoja ya gharama ina uzito zaidi, kwa kuwa kila soko haliwezi kupata afisa wake. Basi Kiboko, Makindu na Emali zigawane mmoja, macho yake yakiwa wahamasishaji, ambao kila mmoja hutembelea takriban kaya 100 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Wao wataripoti, notisi ataiandika yeye. Mafuta ya pikipiki na ada ya maabara viwe na fungu lake katika bajeti ya kaunti, na fedha zifike kabla ya mavuno ya mvua za vuli kuingia sokoni.