Dola 185,000 kwa Neno Moja: Historia ya Kupima Bei ya Jina la Intaneti

Tangu lami ya barabara ya Kibwezi hadi Kitui ipite Ikutha, madalali wa ardhi hawana usingizi. Mashamba yaliyokuwa ya mbuzi na mibuyu yanakatwa ploti za hamsini kwa mia, na kila anayenunua ana swali moja kichwani: nani atakuja kuninunua mimi? Swali hilo sasa limehamia kwenye simu. Wapo vijana wanaonunua domeni, yaani majina ya intaneti, kwa takriban shilingi elfu moja kwa mwaka, si kwa kufungua tovuti bali kwa kungoja mteja. Wamesikia kwamba mwaka 2019 voice.com iliuzwa dola milioni 30. Waliosikia bei hiyo ni wengi. Wanaojua biashara hii ilikotoka ni wachache.

Jina la kwanza la .com, symbolics.com, liliandikishwa tarehe 15 Machi 1985, na kwa miaka kumi majina haya yalikuwa ya bure. Hakuna aliyeyathamini. Mwaka 1994 mwandishi wa Marekani Joshua Quittner aligundua kwamba McDonald's, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa imechukua jina lake. Akalichukua yeye, akaandika makala juu ya jambo hilo, kisha akaliachia baada ya kampuni kukubali kutoa mchango wa kompyuta kwa shule. Septemba 1995 ada ikaanza: dola 100 kwa miaka miwili. Business.com ilinunuliwa dola 150,000 mwaka 1997, ikauzwa dola milioni 7.5 mwaka 1999. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuona domeni kama mali.

Kwetu mwanzo ulikuwa wa taabu. Herufi .ke zilikabidhiwa Kenya mwaka 1993, zikiwa chini ya Dkt. Shem Ochuodho hapa nyumbani, na Randy Bush wa Marekani akisimamia mitambo. Mwaka 1995 shirika la posta na simu, KPTC, lilitangaza kwamba huduma za intaneti zinazouzwa nchini si halali. Hebu fikiria mtu wa wakati huo akiulizwa jina la intaneti lina thamani gani! Hata hivyo, Africa Online, iliyoanzishwa na vijana Wakenya waliokuwa wakisoma Marekani, iliendelea hadi jina lake likawa karibu sawa na neno intaneti kwa watu wa mjini. Baada ya kupita mikono kadhaa ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka 2007, na leo ukimtajia kijana wa miaka ishirini jina hilo atakuuliza ni nini. KENIC, shirika linalosimamia .ke, lilikabidhiwa kazi hiyo mwishoni mwa 2002.

Lakini kisa ambacho kila mnunuzi wa majina angepaswa kukijua ni cha .africa, na sehemu yake kubwa ilipikwa Nairobi. Katika kukisimulia nimeegemea zaidi uamuzi wa jopo la usuluhishi uliotolewa tarehe 9 Julai 2015. Unasomeka kama riwaya.

Taasisi ya DotConnectAfrica, iliyoongozwa na Sophia Bekele, mzaliwa wa Ethiopia, iliandikishwa Mauritius lakini shughuli zake kuu ziliwekwa Nairobi. Bekele hakutaka jina moja chini ya mwisho fulani. Alitaka mwisho wenyewe: kila kampuni, shule au hoteli itakayojiita kitu-fulani.africa impitie yeye. Alianza mapema. Mwaka 2008 alipata barua ya kuungwa mkono kutoka Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, na mwaka 2009 nyingine kutoka Tume ya Umoja wa Afrika. Mwenye barua kama hizo mkononi anaona mali imeshapatikana. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukaondoa mkono wake, ukaamua kutafuta msimamizi wake wenyewe.

ICANN, shirika la kimataifa linalogawa majina haya, lilipofungua mlango mwaka 2012, ada ya maombi ilikuwa dola 185,000, na aliyetaka jina la bara alihitaji kuungwa mkono na angalau asilimia 60 ya serikali zake. Bekele alilipa. Afrika Kusini nayo ikaleta waombaji wake, ambao baadaye walijulikana kama ZACR, wakiwa na baraka za Umoja wa Afrika.

Aprili 2013, kamati ya wawakilishi wa serikali inayoishauri ICANN ilikutana Beijing, ikapendekeza ombi la Bekele lisiendelee. Hapa Wakenya wakajikuta pande mbili. Mshauri wa Kenya katika kamati hiyo aliandika barua pepe kwamba Kenya haitaki ushauri wa namna hiyo utolewe, huku Mkenya aliyewahi kuiwakilisha nchi katika kamati hiyo hiyo akiketi mkutanoni kwa niaba ya Umoja wa Afrika. ICANN ikalikataa ombi, Bekele akapeleka mgogoro kwenye jopo la usuluhishi, na barua pepe hizo zikaishia mbele ya wasuluhishi. Jopo likaona kwamba kamati haikufanya kazi yake kwa uwazi, na kwamba ICANN ilipaswa kuchunguza kabla ya kulikataa ombi. DotConnectAfrica ikashinda.

Ushindi huo haukumpa jina. Ombi lilirudishwa kwenye tathmini, tathmini ikauliza zile asilimia 60 za serikali ziko wapi, ombi likaanguka. Kesi ikapelekwa Los Angeles. Februari 2017 hakimu alikataa kuizuia ICANN, na mwezi huo huo .africa ikakabidhiwa Afrika Kusini. Kesi iliendelea kwa miaka mingine kadhaa, na Bekele hakulipata jina.

Kosa lake lilikuwa nini? Hakukosea kuhusu neno. Neno Afrika ni zuri, fupi, linaeleweka kuanzia Cairo hadi Cape Town. Alikosea kuhusu mwenye neno. Na hilo ndilo kosa la wengi wanaonunua majina leo kwa shilingi elfu moja: wanapima utamu wa jina, wanasahau kuhesabu watu wanaoweza kulinunua, na kama watu hao wana njia ya kulipata bila kulilipia.

Chukua Ikutha. Inajulikana kwamba kuna madini ya chuma huko, na mtu anaweza kuharakia kuandikisha jina la Ikutha likifuatiwa na neno chuma. Mnunuzi wake ni nani? Kampuni ya uchimbaji ikija itakuja na jina lake la siku zote. Serikali ya kaunti haina haja ya kununua, kwa sababu serikali zina .go.ke. Labda hoteli moja kando ya barabara, ambayo kwa sasa inapokea wateja kwa WhatsApp na haijahisi upungufu wowote. Majina ishirini ya namna hiyo ni shilingi elfu ishirini kila mwaka. Miaka mitano ni laki moja, na ukikosa kulipa mwaka wa sita yanarudi sokoni. Ploti haifanyi hivyo.

Mbaya zaidi ni anayechukua jina lenye M-Pesa ndani yake, au la benki. Hilo ni alama ya biashara ya mwingine. Tangu 1999 ICANN ina utaratibu wa kumrudishia mwenye alama jina lililochukuliwa kwa nia mbaya, na KENIC ina wake kwa .ke. Kumtajia mwenye alama bei ni kumpa ushahidi dhidi yako.

Mwaka 2017 KENIC iliruhusu majina mafupi, bila .co katikati. Ilikuwa nafasi nzuri, na kwa maoni yangu tumeichezea. Hadi leo utakuta ofisi ya umma inaandika anwani ya Gmail kwenye barua yenye nembo ya taifa, na duka kubwa likijitambulisha kwa ukurasa wa Facebook. Nchi isiyotumia majina yake haiwezi kuyapa bei, hata programu za kukisia thamani zikisema vinginevyo; nyingi zinajifunza kutokana na mauzo ya .com, ambayo yana wanunuzi wa dunia nzima.

Kama bado unataka kununua, nenda kwanza kwenye ukurasa wa KENIC uone jina liliwahi kuandikishwa lini na linaisha lini. Tazama katika kumbukumbu za Internet Archive lilitumiwa na nani kabla yako, maana jina lililowahi kutumiwa na matapeli huja na sifa zao. Uliza KIPI, taasisi inayoandikisha alama za biashara nchini, kama ni alama ya mtu. Kisha andika kwenye karatasi majina ya wanunuzi watatu halisi, wenye biashara iliyo wazi leo. Ukishindwa kuwapata watatu, weka ile elfu moja mfukoni.