Gumegume na Ahadi ya Maji

Neno risasi lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Wazee walikwisha kupima: katika vyote vilivyoshindiliwa mtutuni, madini hayo ndiyo yaliyoshinda.

Magobore yalienea Kusini kwa misafara ya pembe na watumwa, iliyopita kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa, ukaruhusu kwa masharti gumegume, yaani bunduki ya kuwashwa kwa jiwe, yenye mtutu laini ndani. Hiyo ndiyo bunduki waliyoizoea wawindaji wengi wa Ruangwa na Nachingwea.

Katika miaka ya 1960 nilimwona mjomba wangu, mwindaji wa Ruangwa, akilijaribu gobore lake. Alikuwa na kokoto ya mtoni, kipande cha nondo, na kidonge cha risasi alichokiyeyusha kutoka betri ya trekta lililoachwa Nachingwea na mpango wa karanga wa 1947 hadi 1951. Baruti ilikuwa kiasi kile kile, gogo lile lile, hatua 30. Kokoto ilipasuka. Nondo iligonga kwa ubavu, ikakwaruza gome. Risasi ilizama, tuliichokoa kwa kisu, imekuwa bapa kama senti. Siri ni uzito: sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11 hivi, chuma karibu 8, jiwe la kawaida hata 3 halifiki.

Kisha akarudi nyuma hadi hatua 80, akapiga vidonge vitatu vya risasi. Gogo halikuguswa. Hakushangaa. "Mwipwa wangu," alisema, "kwa mbali gobore ni kelele tu."

Kwa sababu ya kauli hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba babu zetu waliingia vita vya Majimaji kwa ujinga. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliahidi kwamba dawa yake ingegeuza risasi kuwa maji. Waliomsikia mwaka 1905 hawakuwa wageni wa bunduki. Walijua baruti hulowa, jiwe hukataa kutoa cheche, na risasi hupotea hewani. Kwa bunduki waliyoijua, ahadi ile haikuwa mbali sana na mambo waliyoyaona.

Ambacho hawakupata nafasi ya kukipima ni bunduki ya Mjerumani, yenye mtutu uliochongwa mifereji ya kuizungusha risasi ili ishike njia, wala bombomu lililomimina risasi bila kupumzika. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, kipimo hicho kilifanyika juu ya miili yao. Kabla ya vita kwisha, njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa vyakula iliua wengi kuliko bunduki.

Kwa hiyo niliwaambia walimu wanafunzi chuoni: msiulize tu babu zetu waliamini nini. Ulizeni pia walikuwa wamekwisha kuona nini.