Ngitili na Vijiji vya Ujamaa Shinyanga

Mtumishi apitaye Maganzo huoneshwa mgodi wa Mwadui, ambako Dkt. John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Juu ya almasi yameandikwa mengi. Juu ya majani ya ng'ombe, machache. Lakini ni katika majani hayo ujamaa ulipomgusa Msukuma kwa undani.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba watu waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari. Novemba 1973 aliagiza wote wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976, na mkoani Shinyanga operesheni ilifanyika mwaka 1974. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu, hilo tusilikane. Ila kaya iliyohamishwa iliacha nyuma ngitili yake, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate kula kiangazi. Mlinzi wa mpaka akawa mbali, na mpaka ukafa. (Ni haki kuongeza kwamba miti mingi ilikuwa imekwisha kukatwa tangu wakati wa ukoloni, kwa ajili ya mbung'o na pamba.)

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walianza na miche ya vitalu. Baadaye wakawaendea wazee kuuliza habari za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizorudishwa zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Nyingine ni za kaya, nyingine ni mali ya kijiji kile kile kilichoundwa kwa amri, na anayezivunja hutozwa faini na dagashida, mkutano wa jadi wa wanajamii unaoongozwa na baraza la wazee.