Mapipa, Mitungi na Kreti: Hesabu ya Pombe ya Harusi

Kila harusi ya jamii yetu hapa Uingereza huanza na kamati, na kila kamati huzaa kamati ndogo ya vinywaji. Sisi tumekaa kwenye kamati hizo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu moja tu: ikijulikana kwamba mtu ni mhandisi, watu huamini anaweza kuhesabu kitu chochote, hata kiu ya wajomba. Wasomaji wetu Waislamu watuwie radhi kwa mada hii. Harusi zao zina hesabu yake ya biriani na sharubati, na kwa kweli huwa hazina kelele nyingi kama zetu.

Majira ya joto yaliyopita tulipewa kazi ya namna hiyo. Wageni 200, ukumbi mmoja wa Birmingham, sherehe ya saa sita. Tukachukua karatasi. Toa watoto 30. Toa 60 wasiogusa pombe, yaani Waislamu, walokole na madereva. Wanabaki 110. Tukawaweka 70 upande wa bia na 40 upande wa mvinyo. Kanuni inayotumiwa na wengi huku ni kinywaji kimoja kwa kila saa, na kimoja cha ziada saa ya kwanza, kwa hiyo kila mtu vinywaji saba. Hiyo ni bia 490 na glasi 280 za mvinyo. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125, basi chupa 47. Tukaongeza asilimia kumi kama wahandisi wote wanavyoongeza: bia 540, mvinyo chupa 52. Tukasaini, tukalala usingizi mzuri.

Bia ziliisha saa tatu na nusu usiku. Chupa 19 za mvinyo zilikuwa bado hazijafunguliwa. Akina shangazi tuliowaandikia mvinyo walikuwa wameagiza bia tangu mwanzo, na madereva kadhaa walikuwa wameamua kwamba magari yatalala palepale. Vijana wakatumwa dukani mbio. Aliyelipa ni bwana harusi mwenyewe, kwa kadi ya mkopo, angali amevaa suti yake. Tulisimama kando tumeinamisha vichwa.

Hapo mama mmoja wa kutoka Kibosho, umri wake umepita miaka 80, alituita mezani kwake. Hakutulaumu. Alisema, "Wanangu, ninyi mmehesabu vichwa. Sisi tulikuwa tunahesabu mitungi." Kisha akatueleza: mtungi wa baba, mtungi wa mama, mtungi wa wajomba, mtungi wa majirani. Mtungi ukiisha, umeisha, na hakuna anayeaibika, kwa sababu kila mmoja alijua wake ni upi.

Kauli hiyo ilitufanya tutafute wenyeji wetu wa huku walihesabu vipi kabla ya kuwapo kreti na kopo. Jibu tulilikuta karibu kuliko tulivyotazamia, katika mji wa Halesowen, maili chache magharibi ya ukumbi ule ule tulioaibikia.

Waingereza wa zamani walikuwa na kitu walichokiita bride-ale, yaani pombe ya bibi harusi. Neno lao la leo bridal, linaloandikwa kwenye kila duka la magauni, limetokana na hilo: mwisho wake si kiambishi cha sarufi, ni pombe. Bibi harusi au wazazi wake walipika pombe nyingi, wakaalika kijiji, na wageni wakainunua kwa bei ya juu kuliko ya kilabu, au kwa kiasi ambacho moyo wa mtu ulimtuma. Faida ilikuwa ya maharusi, waanzie maisha. Hiyo ilikuwa michango yao, ila ililipwa kikombe kwa kikombe.

Sasa, Halesowen. Katika kumbukumbu za mahakama ya mji huo za mwaka wa 15 wa utawala wa Elizabeth wa Kwanza, yaani 1572 hadi 1573, ipo amri juu ya jambo hili. Mtu anayepika pombe ya harusi ya kuuza asizidishe strike 12 za kimea. Mezani kwake siku ya chakula asiwe na zaidi ya meza nane za watu. Na kabla ya siku yenyewe asiruhusu michezo iliyokatazwa nyumbani kwake. Adhabu ni shilingi 20.

Amri hiyo ilitufurahisha kuliko vitabu vingi vya historia tulivyosoma, kwa sababu ina namba, na namba huweza kuulizwa maswali. Meza moja, mess kwa lugha yao, kwa kawaida ilikuwa ya watu wanne. Meza nane ni watu 32. Strike ilikuwa kipimo cha nafaka ambacho kilibadilika kutoka mji hadi mji, lakini mahali pengi kilikuwa sawa na busheli moja, lita 36 hivi. Je, busheli 12 za kimea hutoa pombe kiasi gani? Padri mmoja, William Harrison, alichapisha mwaka 1577 maelezo ya nchi ya Uingereza, na humo akaeleza namna mke wake alivyopika bia nyumbani: busheli 8 za kimea, ngano na oti kidogo, akapata galoni kama 200. Kwa kipimo hicho busheli 12 ni galoni 300, au painti 2,400. Ukizigawa kwa wale 32 wa mezani, kila mmoja ana painti 75.

Bia ya mama Harrison ilikuwa ya kila siku, nyepesi, na pombe ya harusi yaelekea ilikuwa nzito zaidi. Basi punguza nusu. Bado ni painti 37 kwa kila mtu. Hakuna mjomba, hata wa kwetu, wa kuzimaliza.

Maana yake ni kwamba pombe ile haikupikwa kwa ajili ya wale 32. Waliokaa mezani walikula kwa gharama ya mwenye harusi, kwa hiyo idadi yao ilikuwa hasara. Pombe iliuzwa nje kwa mji mzima, kwa hiyo wingi wake ulikuwa pato. Mahakama iliweka mipaka miwili tofauti: mmoja mtu asijifilisi kwa kulisha, mwingine asigeuze harusi kuwa kilabu cha wiki nzima. Sisi tumeunganisha vitu hivyo viwili kuwa kimoja. Mgeni wetu anakula bure na kunywa bure, na vyote viwili ni hasara.

Mtu asidhani bride-ale ilikuwa jambo la mafukara waliojificha vijijini. Mwezi Julai 1575 Robert Dudley alipomkaribisha Malkia Elizabeth katika ngome yake ya Kenilworth, katika wilaya hiyohiyo ya katikati ya nchi, mojawapo ya maonyesho aliyoandaliwa malkia lilikuwa bride-ale ya wanavijiji. Ilichezwa mbele yake kwa kuchekesha, kama vile mkubwa wa serikali anavyoonyeshwa ngoma uwanja wa ndege. Harrison naye anasema wakulima walikula kupita kiasi kwenye harusi, lakini kila mgeni alikuja na chungu chake cha chakula alichokubaliana na mkewe. Tukisoma hapo tunaona kabisa mama zetu wakishuka mteremko na sufuria kichwani.

Lakini kwa nini wapike galoni 300 kwa mara moja? Wasingeweza kupika kidogo na kuongeza? Hapa ndipo mbege inapotusaidia kuwaelewa Waingereza wa kale. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Gome la msesewe hutia uchungu. Vikichanganywa, kesho yake mbege iko tayari, na siku mbili tatu baadaye imekuwa kali hainyweki. Huwezi kuiwahisha wala kuichelewesha. Siku ya harusi ikiahirishwa, pombe haiahirishwi.

Pombe ya Waingereza ya kale ilikuwa hivyohivyo. Hopsi, yale maua machungu yanayoifanya bia idumu, zililetwa kutoka nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo na kuenea Uingereza katika karne ya 15, na pombe ya asili isiyo na hopsi iliendelea kupikwa vijijini muda mrefu baada ya hapo. Kinywaji kisichowekeka hudai vinywa. Ukishapika pipa, lazima uite watu. Kwa hiyo hesabu ilianzia kwenye chombo: tuna mitungi mingapi, tuna kimea kiasi gani, halafu tuwaite kina nani. Jirani aliyepita njiani hakuwa mvamizi, alikuwa msaada.

Hata kwenye harusi ya Kana, ambako divai iliisha kama bia zetu, Injili imeandika ukubwa wa mabalasi na sio idadi ya wageni. Mabalasi sita, kila moja nzio mbili au tatu, na kipimo hicho cha Kiyunani kilikuwa lita 39 hivi. Hiyo ni kati ya lita 470 na 700, au zaidi ya chupa 600 za leo.

Kilichogeuza hesabu hii ni kiwanda. Mwaka 1876 Louis Pasteur alichapisha uchunguzi wake juu ya bia na vijidudu vinavyoiharibu. Mwaka 1892 William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno, kile tunachokifungua hadi leo kwa opena, na wengine kwa meno yao. Tangu hapo bia ikaweza kufungwa, kusafirishwa, kuhifadhiwa na, jambo kubwa kwa kamati, kuhesabiwa moja moja. Mtungi ni wa kundi. Chupa ni ya mtu.

Kwetu chupa ilifika ikiwa na cheo. Kiwanda cha bia cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1933, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Yeye aliachiwa pombe ya kienyeji, nayo kwa kibali na kodi. Milango ilifunguliwa kidogo kidogo baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, baada ya Uhuru kreti mbele ya meza ya maharusi lilisema jambo ambalo mtungi haukuweza kulisema. Mtu hakuwa anakunywa bia tu.

Kiwanda kiliingia mikononi mwa serikali mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Miaka ya themanini mwanzoni, nchi ilipokauka sukari, sabuni na mafuta, bia nayo ikawa ya kibali. Sisi tulikuwa wavulana wa kutumwa. Tunakumbuka barua iliyoandikwa na kaka kuomba kreti za harusi, tunakumbuka ofisi tuliyoipeleka na kurudi tena na tena, na tunakumbuka kazi ya kukusanya chupa tupu mtaa mzima, kwa sababu bila chupa tupu hupati zilizojaa. Aliomba kreti 20 akapewa 6. Kamati ikaweka bia mezani kwa wazee, vijana wakapewa mbege nyuma ya nyumba, na harusi ile inasimuliwa hadi leo kuwa nzuri. Idadi ilikuwa imeamuliwa na mwingine, kama kule Halesowen, na aibu haikuwa ya kaka.

Mwaka 1993 kiwanda kiliuzwa nusu kwa kampuni ya Afrika Kusini, bia zikajaa, na mipaka yote ikaondoka ila mmoja, nao ni mfuko. Tangu hapo kamati zetu hazina wa kuziambia basi. Kadi ya mchango ya singo na ya dabo, ukumbi, MC, na bia "mpaka mtu aseme imetosha". Tumehudhuria harusi ambazo mchango wote, hadi senti ya mwisho, ulipita kooni mwa waliouchanga, na wiki iliyofuata maharusi wanatafuta pauni za amana ya chumba. Bride-ale ilikuwa mchango wa kunywa uliobaki mikononi mwa maharusi. Sisi tumehifadhi kunywa, tukapoteza kubaki.

Tuliyasema haya kwenye kikao cha kwanza cha harusi inayofuata. Pendekezo letu lilikuwa dogo: meza ya chakula iwe ya watu waliohesabiwa, kila mtu apewe kuponi mbili za kinywaji, na kuanzia cha tatu anunue kaunta, fedha ziingie kwenye bahasha ya maharusi. Mzee mmoja aliuliza kama tunataka aonekane anawauzia wakwe zake pombe. Binti mwenyewe anayeolewa, aliyezaliwa hukuhuku, alinyoosha mkono akauliza kama sheria inaruhusu.

Inaruhusu. Kwa sheria ya vileo ya mwaka 2003, mtu anayetaka kuuza pombe kwenye shughuli ya muda hupeleka taarifa kwa halmashauri ya mji siku 10 za kazi kabla, na ada ni pauni 21. Halesowen yenyewe leo iko chini ya halmashauri ya Dudley. Tumeshaipakua fomu, na binti ameanza kuijaza. Inauliza saa za kuuza, na inauliza idadi ya watu, ambao hawaruhusiwi kuzidi 499. Juu ya kimea haina swali lolote.