Nyota na Taji: Alama za Vyeo vya Maofisa wa Jeshi la Uingereza

Mtafiti apewapo picha ya ofisa wa Kiingereza mwenye nyota mbili begani, hana budi kuuliza kwanza picha ilipigwa mwaka gani. Ikiwa ilipigwa baina ya 1880 na 1902, mtu yule ni kapteni. Ikiwa ni baada ya hapo, ni luteni. Nyota ni zile zile na bega ni lile lile, lakini maana imehama, kama ihamavyo maana ya neno katika lugha. Asiyelijua hili humvisha au humvua marehemu cheo, na kosa lake huingia katika maandishi ya wengine.

Hapo kale cheo hakikuandikwa begani. Ofisa alitambulikana kwa mshipi wake mwekundu na kwa kipande cha madini chenye umbo la mwezi mwandamo, kilichoning'inia shingoni kama masalio ya deraya. Agizo la 1684 lilitaka cha kapteni kiwe na rangi ya dhahabu, cha luteni kiwe cheusi chenye vifundo vya dhahabu, na cha ensaini kiwe cha fedha. Kipande hicho kiliondolewa mwaka 1830. Wakati huo epoleti, yaani pambo la bega lenye mashada ya nyuzi za dhahabu au fedha, lilikuwa limekwisha kukaa katika sheria za mavazi tangu 1768. Pambo hilo lilimtenga ofisa na askari wake. Halikumtenga vema ofisa na ofisa mwenziwe.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa alama za 1810. Meja alipewa nyota, luteni kanali taji, na kanali taji pamoja na nyota. Kapteni na walio chini yake hawakupata kitu. Epoleti zilipofutwa mwaka 1855 alama zilihamia kolani, na hapo pakatokea jambo la kushangaza: kapteni naye alivaa taji na nyota sawasawa na kanali, luteni akavaa taji, na ensaini nyota. Tofauti ya wakubwa na wadogo ilibaki katika nakshi za dhahabu za kola na mikono. Ni vigumu kuusifu mpango uliomlazimu mtu kuhesabu nyuzi ndipo amjue mkubwa wake, nao ulidumu miaka 25.

Mwaka 1880 alama zilirudi begani. Luteni wa pili hakuwa na alama, luteni alikuwa na nyota moja, kapteni mbili, na meja, aliyekuwa mtu wa nyota tangu 1810, akawa mtu wa taji. Mwaka 1902 kila mmoja wa wale watatu wa chini aliongezwa nyota moja, na hesabu hiyo haijabadilika tena.

Nyota yenyewe si ya mbinguni. Ni mfano wa nishani ya Daraja la Bath, na ndiyo sababu ina umbo la mraba uliosimama kwa pembe. Vikosi vya ulinzi wa mfalme vina zao: Scots Guards huvaa ya Mbaruti, na Irish Guards ya Mtakatifu Patrick. Taji nalo humsaidia mwanahistoria, kwani umbo lake hufuata mtawala: la Victoria lilikoma baada ya 1901, la wafalme waliomfuata likabadilishwa zama za Elizabeth wa Pili, na baada ya 2022 Charles wa Tatu akarudia umbo la Tudor.

Pamoja na sare ya kaki ya 1902 alama ziliwekwa katika ncha za mikono, zikizungukwa na mikanda ya uzi, mmoja kwa luteni hadi minne kwa kanali. Katika mahandaki ya Ufaransa baada ya 1914 mikanda hiyo ilikuwa hatari, maana mlenga shabaha aliiona kwa mbali. Maofisa wengi wakahamisha nyota zao mabegani, na wengine wa makamo yao wakawacheka kwa woga. Alama za mikononi zilifutwa mwaka 1920, wakati waliouawa kwa ajili yake walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Afrika Mashariki nyota hizi zilifika juu ya mabega ya wazungu wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902. Mwafrika aliweza kupanda hadi sajini meja tu. Katika miaka ya mwisho ya 1950 kikaanzishwa cheo cha Effendi, juu ya sajini meja na chini ya luteni. Nyota za luteni zilikuja baadaye, uhuru ulipokaribia. Jina hilo la Kituruki lilikuwa limekwisha kuingia Kiswahili zamani pamoja na askari wa Kisudani, kama ombasha na shaushi. Ombasha na shaushi wamesahauliwa, na cheo cha Effendi kimekwisha. Lakini afande angali akiitwa kila siku katika kambi na vituo vya polisi, awe na nyota au asiwe nayo.