Juu ya Ukatili na Utupu Usio na Lazima Katika Sinema

Wanaolaumu sinema kwa damu na utupu wake, pamoja na wanaoitetea kwa jina la uhuru wa fani, aghalabu hushika mizani moja bila wenyewe kutambua: huuliza ni kiasi gani cha mwili kimeonekana na jeraha limetazamwa kwa muda gani, kana kwamba ubaya wa picha hupimwa kwa shubiri. Kanuni za Hays za kuchuja maadili ya filamu, zilizotiliwa nguvu Hollywood tangu 1934, zilisimama juu ya hesabu hiyo, na madaraja ya umri yaliyozirithi mwaka 1968 hayakuiacha. Mimi nauona mpaka pengine, yaani pale ustadi unapomwishia mtunzi, naye akaazima machungu ya mtu halisi yamfanyie kazi iliyomshinda.

Katika M, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1931, binti mdogo Elsie anauawa wala hatuoni mkono wa muuaji. Twaona sahani yake ikingoja mezani, mpira ukibingirika nyasini, na puto lililonasa katika nyaya, nasi twalazimika kuyatimiza yaliyobaki kwa hofu zetu wenyewe. Hitchcock, katika Psycho ya 1960, alionyesha zaidi. Walakini yale mauaji ya bafuni, ambayo msanifu Saul Bass aliyachora kwanza karatasini, yalipigwa kwa siku 7 ili yapatikane mauaji yasiyotimia dakika moja, na damu yake ni sharubati ya chokoleti. Kinachomchoma mtazamaji ni mkasi wa mhariri na fidla za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann, ambazo Hitchcock, ajabu, hakuzitaka hapo awali.

Sasa tazama Last Tango in Paris ya 1972. Mwigizaji wake, Maria Schneider, ambaye mhusika wake anabakwa katika tukio moja, alikuwa na miaka 19 ilipopigwa. Kubakwa kwenyewe kulikuwa kwa kuigiza, lakini mwongozaji Bernardo Bertolucci alikiri mwaka 2013 kwamba yeye na Marlon Brando, aliyeigiza mbakaji, walipatana juu ya kutumia siagi katika tukio hilo pasina kumwarifu Schneider, maana alitaka fedheha ya msichana mwenyewe, si ya mwigizaji. Schneider alikwisha sema mwaka 2007 kwamba alijiona amedhalilishwa, na kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. Shubiri haisaidii kitu hapa, kwani ziko filamu chungu nzima zilizoonyesha mwili zaidi kuliko hiyo. Mahakama ya juu ya Italia iliamuru mwaka 1976 nakala zake ziteketezwe kwa sababu ya uchafu wake. Ikawahami watazamaji, ambao hata hivyo walikuwa na hiari ya kutoka ukumbini.

Tangu 2018 kampuni ya televisheni ya HBO imeweka wasimamizi wa matukio ya faragha, wanaopatana na waigizaji, kabla kamera haijawashwa, ni kipi kitaguswa na kipi kitasitiriwa. Wako waongozaji wanaonung'unika kwamba mapatano hayo huua uhai wa mchezo; nami ningependa wanieleze ile michoro ya Bass iliua nini katika Psycho.